Ndege ya Mpira na Karatasi: Kazi ya Vijana Wakati wa Likizo



Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ikikaribia, swali huwa ni lile lile: vijana wetu watashinda wapi? Watachunga ng'ombe, watachuma kahawa, na hiyo ni sawa. Lakini saa nyingi zinabaki, na wanaozingojea saa hizo tunawajua. Vibanda vya pombe na miraa havifungi likizo. Vikundi kadhaa vimeniuliza juu ya kazi ya mkono ambayo haitamaliza akiba yao. Mimi napendekeza ndege ndogo inayoruka kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Kuna wazee watasema huo ni mchezo tu. Ni mchezo, ndiyo, lakini mtoto hawezi kuucheza bila kupima, kukata sawasawa na kungoja gundi ikauke. Kikundi kitanunua gundi ya mbao, nyembe na mipira ya kufungia pesa. Mengine yanaokotwa.

Kitu chenyewe si kipya. Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ya namna hii Paris mwaka 1871, ikaenda kama mita 40. Mwaka 1878 askofu mmoja Mprotestanti wa Marekani, Milton Wright, aliwaletea wanawe kidude cha kuruka kwa mpira. Wale watoto, Wilbur na Orville, ndio walioruka na ndege ya injini mwaka 1903. Na hapa kwetu, kila mtu wa Nyeri analijua kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti aliyefariki mwaka 1941. Wachache wanajua kwamba mdogo wake, aitwaye Baden, alitengeneza tiara kubwa lililomwinua mtu mwaka 1894.

Sasa tuingie kazini. Vitabu vya wazungu vinataja balsa, mti mwepesi sana kutoka Ekwado. Msitume mtu Nairobi kuutafuta. Chukueni mlingoti wa mkonge uliokauka, ule unaobeba maua. Upande wa Kieni mtauona kwenye ua za mashamba. Ndani ni laini, wembe unapita bila shida. Kingo za mabawa zitoke kwenye mwanzi uliopasuliwa nyembamba kama njiti. Karatasi iwe ile laini inayofungia viatu vipya.

Uti wa ndege uwe sentimita 35. Bawa lote liwe urefu wa 45 na upana wa 9, mkia 16 kwa 6, na juu ya mkia pezi dogo la kusimama. Msipunguze bawa. Nyeri iko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hivyo inabeba kidogo. Bawa pia lisilale bapa: likateni katikati na kuliunga tena ili kila ncha iinuke sentimita 4. Bila hiyo ndege inapinduka upande ikiguswa na upepo kidogo tu.

Karatasi ikishabandikwa, nyunyizeni maji machache sana. Ikikauka itajikaza kama ngozi ya ngoma. Lakini fremu ibanwe kwenye ubao mpaka ikauke kabisa, la sivyo itajikunja na hakuna dawa.

Propela ndiyo inayosumbua wengi. Kateni vipande viwili kwa mshazari kwenye ubavu wa kikopo cha yoghati, mvibandike kwenye kijiti, kimoja kikielekea kinyume cha kingine. Waya wa kuizungusha upite ndani ya kipande cha mrija wa wino wa biki, na kati ya mrija na propela muweke ushanga mmoja. Ushanga ukikosekana, propela inasugua na kukwama. Mpira ushikwe na ndoano mbele na nyuma, chini ya uti. Upakeni mafuta ya mbarika kidogo. Vaseline na mafuta ya taa huuozesha.

Kabla ya kusokota, shikilieni ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa, kama theluthi moja kutoka ukingo wa mbele. Ikikaa sawa, irusheni taratibu juu ya majani bila nguvu ya mpira. Ikichimba chini, inueni kidogo ukingo wa nyuma wa mkia. Ikipanda, ikasita, kisha ikaanguka, ongezeni udongo kidogo puani. Hapo ndipo vijana hukosa subira na kuivunja, kwa hivyo mtu mzima awe karibu. Ikiteleza vizuri, sokoteni mara 50, baadaye 100. Fanyeni asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka.

Wasichana wapewe wembe pia, wasiachiwe kubandika karatasi peke yake. Wadogo wa chini ya miaka kumi wakatiwe na wakubwa. Mchague uwanja ulio mbali na barabara na nyaya za stima, na ndege ikinasa kwenye waya iachwe huko huko. Asipande mtu, asirushe mtu jiwe wala kuikokota kwa fito. Mlingoti wa mkonge bado uko kwenye ua, wataunda nyingine.