Mahusiano ya wahusika na maadili katika riwaya ya Sorcery of Thorns

Sorcery of Thorns (kwa Kiswahili: "Uchawi wa Miiba") ni riwaya ya fantasia iliyoandikwa na mwandishi Mmarekani Margaret Rogerson na kutolewa mwezi Juni 2019. Ni riwaya yake ya pili, baada ya An Enchantment of Ravens ya mwaka 2017. Iliandikwa kwa ajili ya vijana, lakini husomwa pia na watu wazima. Jina lake lina maana mbili: "Thorns" ni miiba, na Thorn ni jina la ukoo wa mmoja wa wahusika wakuu.

Riwaya inamhusu msichana aliyelelewa katika maktaba ambamo vitabu vya uchawi vina uhai. Makala hii inaeleza mahusiano ya wahusika wakuu na swali la maadili linalotokana nayo: je, wema au ubaya wa mtu hujulikana kwa asili yake, kwa cheo chake, au kwa namna anavyowatendea walio chini ya mamlaka yake? Makala inaeleza pia mwisho wa hadithi.

Mandhari

Matukio yanatokea Austermeer, ufalme wa kubuni wenye Maktaba Kuu sita. Maktaba hizo huhifadhi vitabu vya uchawi vinavyonong'ona, kukasirika, kuimba na hata kung'ata. Vitabu hupangwa kwa madaraja kumi kulingana na hatari yake. Vya daraja la chini huweza kusomwa na wanagenzi. Vya daraja la juu hufungwa kwa minyororo katika vyumba vya chini ya ardhi. Kitabu kikiharibiwa, hugeuka kuwa dubwana liitwalo Malefict, linaloweza kuua watu wengi.

Kwa sababu hiyo kazi ya mkutubi ina pande mbili: kuwalinda watu dhidi ya vitabu, na kuvilinda vitabu dhidi ya watu. Wakutubi wa ngazi ya juu huitwa walinzi, nao hubeba silaha.

Wachawi wa Austermeer hawana nguvu zao wenyewe. Kila mmoja hufanya mapatano na pepo, ambaye humtumikia na kumpa uwezo wa kufanya uchawi. Malipo ya pepo ni sehemu ya miaka ya uhai wa bwana wake. Mapatano hayo huacha alama mwilini: Nathaniel Thorn ana shungi la rangi ya fedha katika nywele zake nyeusi, na Chansela Ashcroft ana jicho moja jekundu.

Muhtasari wa hadithi

Elisabeth Scrivener, mwenye umri wa miaka 16, aliachwa akiwa mtoto mchanga katika Maktaba Kuu ya Summershall na kulelewa humo. Ndoto yake ni kuwa mlinzi. Usiku mmoja kitabu hatari kiitwacho Book of Eyes kinageuka kuwa Malefict na kumuua Mkurugenzi Irena. Elisabeth analiua dubwana hilo kwa upanga wa mkurugenzi, lakini kwa kuwa ndiye aliyekutwa hapo, anashtakiwa kwa kulifungulia. Anapelekwa mji mkuu, Brassbridge, chini ya ulinzi wa mchawi kijana Nathaniel Thorn na mtumishi wake Silas.

Huko anapokelewa na Chansela Oberon Ashcroft, kiongozi wa wachawi anayependwa na umma. Ashcroft anamsafisha jina mbele ya watu. Baadaye Elisabeth anagundua kwamba Ashcroft mwenyewe ndiye anayezishambulia maktaba. Mpango wake ni kukamilisha kazi ya babu yake Cornelius, aliyezijenga Maktaba Kuu zikiwa sehemu za duara kubwa la kumwitia Archon, pepo mwenye nguvu kupita wote. Elisabeth, Nathaniel na Silas wanaungana kumzuia.

Mahusiano ya wahusika

Elisabeth, Irena na Katrien. Mkurugenzi Irena ndiye anayeshika nafasi ya mzazi katika maisha ya Elisabeth. Ni mkali na hana maneno mengi. Elisabeth anaelewa kiasi alichopendwa baada tu ya kifo chake, anapojua kwamba Irena alimwachia upanga wake, Demonslayer ("Muua Pepo"). Katrien, mwanagenzi mwenzake, ni rafiki wa kweli. Hata baada ya Elisabeth kushtakiwa, Katrien hamkani, bali anaendelea kumsaidia kwa siri kutoka Summershall. Mahusiano haya mawili yanaonyesha kwamba maktaba ilimpa Elisabeth upendo wa kweli, hata kama ilimfundisha pia chuki.

Elisabeth na Nathaniel. Elisabeth amelelewa akiamini kwamba wachawi wote ni waovu. Anapoanza safari na Nathaniel, anatarajia kuuawa njiani. Nathaniel naye anajificha nyuma ya mizaha na majivuno. Anaogopa urithi wa ukoo wake, kwa kuwa mzee wao Baltasar Thorn alijulikana kwa uchawi wa kuamsha wafu, na baba yake alipoteza maisha katika jitihada za kuwarudisha mkewe na mtoto wao mdogo kutoka kaburini. Nathaniel anaamini kwamba atakayemkaribia ataumia, ndiyo maana huwafukuza watu kwa maneno. Mapenzi ya wawili hawa yanakua polepole, kila mmoja akijifunza kumwona mwenzake badala ya kuona ukoo au chama chake.

Nathaniel na Silas. Silas huonekana kama kijana mwembamba mwenye macho ya njano, na mara nyingine kama paka mweupe. Hupika, huandaa chai, hupanga nguo na hukaa na Nathaniel usiku anapopata jinamizi. Lakini ni pepo, na ameitumikia familia ya Thorn kwa vizazi vingi huku akila miaka ya uhai wao. Nathaniel alimwita akiwa na miaka 12, baada ya kubaki yatima, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwita. Hivyo kila mmoja ana nafasi mbili kwa mwenzake. Nathaniel ni bwana na pia ni mtoto anayelelewa. Silas ni mtumwa na pia ni mlezi, naye atavuna uhai wa yule anayemlea.

Elisabeth na Ashcroft. Ashcroft ni mchangamfu, mkarimu na mzungumzaji mzuri. Anampa Elisabeth chumba kizuri na nguo nzuri. Elisabeth anapoijua siri yake, hahitaji kumuua. Anatangaza tu kwamba msichana huyo amerukwa na akili, na kumpeleka Leadgate, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hakuna anayeuliza swali, maana mmoja ni chansela na mwingine ni yatima asiye na jamaa. Sehemu hii ni miongoni mwa zenye uzito zaidi katika riwaya, kwa sababu inaonyesha kwamba ukweli wa mnyonge unaweza kuzikwa bila uchawi wowote.

Elisabeth na Silas. Uhusiano huu ndio unaobeba mgogoro mkuu wa kimaadili. Silas hamdanganyi Elisabeth. Anamwambia mara kwa mara kwamba yeye si mwema, kwamba ameua, na kwamba asimwamini. Elisabeth anaona pia kwamba matendo yake hayalingani na maneno hayo. Silas anamhudumia, anamwokoa, na anateseka kwa njaa bila kumgusa.

Dhamira za kimaadili

Sura na tabia. Riwaya imewapanga wahusika wawili kama kinyume cha mwenzake. Ashcroft ana sura ya wema na moyo wa kikatili. Silas ana jina la uovu na matendo ya huruma. Methali isemayo "nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani" inaeleza vizuri safari ya Elisabeth, kwani milango yote miwili ilimpotosha alipoitazama kwa nje. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Neno "mchawi" katika jamii nyingi za Afrika Mashariki tayari ni shtaka, na mtu aliyekwisha kuitwa hivyo hupata shida kusikilizwa. Elisabeth anaanza hadithi akilitumia neno hilo vivyo hivyo, kisha yeye mwenyewe anashtakiwa kwa kosa ambalo hakulitenda na kuonja uchungu wa kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Vitabu kama kipimo. Vitabu vya uchawi vina hisia, lakini havina haki yoyote. Vingine viliandikwa kwa ukatili, hata vikatumia viungo vya binadamu, kama Book of Eyes ambacho jalada lake lina macho hai. Elisabeth huzungumza navyo kwa upole na kuviomba badala ya kuviamrisha, na vingi humwitikia. Malefict, kwa upande mwingine, hutokea pale kitabu kinapoharibiwa. Dubwana haliui bila sababu, limeumizwa kwanza. Ashcroft anajua hilo na anaviumiza vitabu kwa makusudi ili vimfanyie kazi. Katika mapambano ya mwisho vitabu vyenyewe vinainuka kumsaidia Elisabeth, na tukio hilo linafanya upole wake kuwa nguvu.

Chanzo na matumizi. Ugunduzi kwamba Maktaba Kuu zilijengwa kwa nia mbaya unamtikisa Elisabeth, maana nyumba pekee aliyoijua ilikuwa mtego tangu msingi wake. Hata hivyo vizazi vya wakutubi wameishi humo wakihifadhi maarifa na kulinda raia. Riwaya haisemi kwamba nia ya Cornelius haina maana, wala haisemi kwamba inafuta kazi ya waliofuata. Inaonyesha kwamba taasisi inaweza kuanzishwa kwa ubaya na bado ikatumiwa kwa wema, mradi waliomo wawe tayari kuujua ukweli wa asili yake.

Utumwa na uhuru. Wachawi wote, wakiwemo wema, wanategemea viumbe waliofungwa. Nathaniel anampenda Silas, lakini bado ni bwana wake. Katika kilele cha hadithi, Archon anapoingia duniani, njia inayobaki ni kumfungua Silas ili apate nguvu zake zote. Hatari yake inajulikana: pepo aliyefunguliwa hana tena kinachomzuia kuwaua waliokuwa mabwana zake. Elisabeth analitaja jina lake la kweli, Silariathas, na kumwachilia. Silas, akiwa na njaa na akiwa huru, hawageukii. Anamkabili Archon na kujitoa mhanga.

Hapo ndipo swali la mwanzo linapojibiwa. Silas alipokuwa amefungwa, hakuna aliyeweza kujua kama wema wake ulikuwa wake au wa minyororo. Utiifu wa mtumwa hauthibitishi tabia yake. Ni baada tu ya kuwa na uwezo wa kutenda mabaya ndipo chaguo lake linakuwa na thamani ya kimaadili. Ashcroft, aliyekuwa huru na mwenye uwezo siku zote, alikwisha kuonyesha chaguo lake.

Hoja zinazopingana

Wasomaji wanaweza kutofautiana juu ya Silas. Upande mmoja unaweza kusema kwamba kujitoa kwake kunaonyesha kiumbe yeyote anaweza kubadilika akipendwa na kuaminiwa. Upande mwingine unaweza kuuliza kuhusu watu aliowaua na miaka aliyoila kwa vizazi vingi, kwani tendo moja la ushujaa halirudishi uhai wao. Riwaya yenyewe haimtakasi. Silas hajitetei, na kauli zake kwamba yeye si mwema hazikanushwi moja kwa moja. Kilichobadilika ni kile anachoamua kufanya tangu pale alipo.

Hoja nyingine inahusu uamuzi wa Elisabeth. Kumfungua pepo kunaweza kuonekana kama kuhatarisha maisha ya watu wengine kwa imani ya mtu mmoja. Lakini imani hiyo haikutoka hewani. Ilijengwa juu ya matendo aliyoyashuhudia kwa muda mrefu. Tofauti yake na imani aliyompa Ashcroft ni kwamba Ashcroft aliaminiwa kwa sifa na maneno, na Silas kwa ushahidi wa matendo ya kila siku, yakiwemo madogo kama kikombe cha chai usiku.

Mwendelezo

Sura za mwisho zinaacha tumaini kwamba Silas hajapotea kabisa. Mwaka 2023 Rogerson alitoa kitabu kifupi cha mwendelezo, Mysteries of Thorn Manor, ambamo Elisabeth, Nathaniel na Silas wanaishi pamoja katika nyumba ya ukoo wa Thorn. Mahusiano ya watatu hao yanaendelea humo kama ya familia, ingawa mmoja wao ni pepo.