Kinachomfunza panya buku humfunza na mtoto

Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na kutambua makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Kazi hiyo inafanywa na shirika la APOPO, lililoasisiwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997. Mmoja wa panya hao, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la Uingereza.

Magawa hakujua bomu ni nini. Alichojua ni kwamba harufu fulani huleta chakula. Binadamu naye hufunzwa kwa njia hizo hizo, na mara nyingi anayemfunza hana habari kwamba anafunza.

Somo la kwanza la panya ni mlio. Mkufunzi hubonyeza kifaa kidogo kinacholia “kliki”, na papo hapo humpa ndizi iliyopondwa pamoja na karanga. Kliki, chakula, kliki, chakula. Baada ya kurudiwa sana, mlio wenyewe huwa habari njema. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng’enyo wa chakula, aliliona jambo hili kwa mbwa: walidondokwa na mate kwa kusikia tu sauti iliyozoea kutangulia chakula. Wanasaikolojia huliita ushurutishaji.

Hata sisi miili yetu hushurutishwa. Wapo wagonjwa wa saratani ambao, baada ya kutibiwa mara kadhaa kwa dawa zinazoleta kichefuchefu, huanza kusikia kutapika wakikanyaga tu mlango wa wodi, dripu ikiwa bado haijawekwa. Huko si kudeka. Mwili umekwisha kuifungamanisha harufu ya wodi na dawa. Mgonjwa wa namna hiyo amweleze daktari wake, kwa sababu anaweza kusaidiwa.

Somo la pili linadai panya atende. Huwekewa harufu ya kilipuzi cha TNT pamoja na harufu nyingine. Akiganda na pua yake penye TNT, anasikia kliki na kulishwa. Akiganda penginepo, hapati kitu. Mmarekani Edward Thorndike alionyesha kanuni hii mwaka 1898 kwa paka aliowafungia kwenye vizimba: kitendo kilichowafungulia mlango walikirudia, wakawa wanatoka upesi zaidi na zaidi. B. F. Skinner alikuja kuichunguza kwa kina.

Siri ya kliki ni wakati. Chakula huchelewa kidogo kufika, na katika sekunde hizo panya anaweza kuwa ameshageuka na kufanya jambo jingine. Mlio humwambia ni kitendo kipi hasa kilichomletea chakula.

Ugumu unaanza kwenye uwanja wenye mabomu ya kweli. Mkufunzi mwenyewe hajui bomu liko wapi, kwa hiyo hawezi kumtuza panya anayekwaruza ardhi. Akimtuza penye patupu, amemfundisha kosa. Na tabia isiyotuzwa hufifia. Ndiyo maana panya hurudishwa kwenye mazoezi ambayo majibu yake yanajulikana. Kwenye kifua kikuu, panya hutuzwa kwa sampuli ambazo kliniki ilishathibitisha kuwa zina vimelea. Akiganda penye sampuli ambayo kliniki ilisema ni safi, hatuzwi, lakini maabara huipima upya. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo kwa mtaalamu mwenye darubini huchukua hadi siku nne.

Sasa mtazame mtoto anayelilia biskuti dukani. Mama anakataa mara tatu, ya nne anachoka na kununua. Mtoto amejifunza kwamba kulia kunalipa, ila sharti ulie sana. Skinner alibaini kwamba tuzo inayokuja mara moja moja, bila kutabirika, hujenga tabia ngumu kung’oka kuliko tuzo ya kila mara. Mashine za kamari huwanasa watu kwa kanuni hiyo.

Njia ya tatu ya kujifunza haihitaji tuzo: ni kutazama. Huko Gombe, Kigoma, sokwe huchomeka vijiti kwenye vichuguu na kuvua mchwa. Utafiti wa Elizabeth Lonsdorf na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa watoto wa kike huwatazama mama zao zaidi ya watoto wa kiume, nao hujua kuvua zaidi ya miaka miwili mapema. Woga nao huambukizwa kwa macho. Miaka ya 1980, mwanasaikolojia Susan Mineka alionyesha kwamba kima waliolelewa maabara, wasiojali nyoka, walianza kumwogopa baada ya kuwatazama wenzao waliokulia porini wakimshtukia.

Kwa mzazi, mafunzo ni matatu. Msifu mtoto pale pale anapofanya jema, usingoje jioni. Ukikataa jambo, kataa moja kwa moja. Na uso wako uwe mtulivu mbele ya muuguzi, kwa kuwa mtoto anausoma.

Zaidi ya yote, acheni kauli ya “Usipokula, nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano.” Kila inaposemwa, hospitali inafungamanishwa na adhabu. Mtoto huyo akiangua kilio siku ya chanjo, atakuwa ameonyesha tu kwamba somo lilimwingia.