Mwendo wa pole mtaani ni kinga

AJALI haina kinga, husema wahenga. Lakini je, msomaji, mtoto anayegongwa na gari akienda dukani kununua mkate huwa amekufa kwa bahati mbaya tu? Wataalamu wa afya hawakubali. Wao huhesabu ajali za barabarani pamoja na maradhi yanayoweza kuzuiwa, na mojawapo ya kinga zake kuu ni kupunguza mwendo wa magari mahali watu wanapoishi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali hizi huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hapa Kenya, watu zaidi ya 4,000 walifariki barabarani katika kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024. Kundi kubwa zaidi kati yao lilikuwa la watu waliokuwa wakienda kwa miguu.

Kwa nini mwendo unaua?

Dereva anapoona hatari, huchukua kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa huwa limekwenda mita 8 katika sekunde hiyo, kisha husimama baada ya mita nyingine 5 hivi barabara ikiwa kavu. Jumla ni mita 13. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kabla breki haijashika. Kwa hivyo mtoto akijitokeza mita 13 mbele, gari la kwanza litasimama, lakini la pili litamgonga kwa mwendo wake wote.

Isitoshe, mtoto mdogo ni mfupi, haonekani nyuma ya gari lililoegeshwa au kibanda, na hawezi kukadiria vyema kasi ya gari linalokuja.

Madhara hayaishii kwenye ajali. Kelele za injini na honi usiku hukatiza usingizi, na zikidumu huweza kuchangia shinikizo la damu. Vumbi na moshi huwasumbua wenye pumu. Nao wazazi wanaoogopa barabara huwafungia watoto ndani, wakakosa mazoezi yanayohitajika na mwili.

Wakazi wanaweza kubadili mambo

Nchini Uholanzi, mwaka wa 1971, watu wapatao 3,300 walikufa barabarani, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi walikasirika. Waliandamana, wakafunga barabara ili watoto wacheze, na wakaunda chama kilichodai watoto wakome kuuawa. Katika mji wa Delft, barabara za mitaani zilijengwa upya kwa miti na kona ili magari yaende polepole, na mwaka wa 1976 mitaa ya aina hiyo ikatambuliwa na sheria. Mwaka wa 2023, watu 684 walikufa barabarani nchini humo. Bila shaka mikanda, magari bora na sheria kali pia vilisaidia, lakini sauti ya wakazi ilianzisha mengi.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, pata ushahidi. Pima mita 50 kando ya barabara na uweke alama pande zote mbili. Tumia saa ya simu kuhesabu muda ambao gari linachukua kupita. Likitumia sekunde 6, linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likitumia chini ya sekunde 4, linakaribia au kupita kilomita 50. Fanya hivyo asubuhi watoto wanapokwenda shule, ukiwa mbali na magari, na uandike kila kitu.

Pili, ungana na majirani, walimu na wahudumu wa afya ya jamii. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu, jua mwenye barabara. Barabara nyingi ndogo za mitaa ni za kaunti. Nyingine kubwa za mijini ni za KURA, na barabara kuu ni za KeNHA. Katiba ya 2010 inakupa haki ya kuwasilisha malalamiko kwa amani (Kifungu cha 37) na haki ya mazingira safi na yenye afya (Kifungu cha 42). Ombeni matuta, vivuko, njia za miguu na taa, nanyi mhudhurie vikao vya bajeti ya kaunti.

Onyo: msijenge matuta yenu wenyewe kwa mawe na udongo. Tuta lisilo na rangi wala alama huweza kumwangusha mwendeshaji wa bodaboda usiku, na mtakuwa mmeondoa ajali moja na kuleta nyingine.

Na wewe mwenye gari, anza leo. Unapoingia mtaani, punguza mwendo kana kwamba kila mtoto umwonaye ni wako.