Mfupa unapobana mshipa wa jicho



Si kila upofu hutokana na mtoto wa jicho au trakoma. Mara chache jicho lenyewe ni zima, ila mfupa ulio nyuma yake ndio mgonjwa.

Ni ugonjwa gani?
Madaktari huuita fibrosi displasia. Sehemu ya mfupa mzima hugeuka kuwa nyama ngumu ya nyuzinyuzi iliyochanganyika na mfupa dhaifu, na huvimba polepole. Mara nyingi huanza utotoni, na kasi yake hupungua mtu akishamaliza kukua. Si saratani, hauambukizi, wala haurithiwi. Si laana, na si kosa la mama.

Unaharibuje macho?
Nyuma ya jicho, fuvu lina tundu jembamba. Humo hupita mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Mfupa ukivimba, tundu huwa finyu na mshipa hubanwa. Miwani na dawa ya matone haviwezi kuuondoa mfupa huo.

Je, operesheni inasaidia?
Ndiyo, ikifanywa kwa wakati wake. Daktari bingwa huondoa mfupa unaobana ili mshipa upate nafasi. Kama kuona kumepungua karibuni, mgonjwa anaweza kupata nafuu. Mshipa uliobanwa muda mrefu hufa, na operesheni haiufufui.

Lakini mwenye uvimbe ambaye bado anaona vizuri kwa kawaida hafanyiwi operesheni hii. Wengi huendelea kuona, na kisu chenyewe kinaweza kuuharibu mshipa. Ukiambiwa usubiri na uje kupimwa, hujatupwa. Hudhuria kila tarehe uliyopangiwa.

Ufanye nini?
- Mtoto akiwa na uvimbe mgumu kwenye paji la uso au shavu, au jicho moja limetokeza mbele, mpeleke zahanati.
- Nyumbani, mfunike jicho moja, kisha la pili, umuulize anaona nini. Mtoto anaweza kupoteza jicho moja bila mtu kujua.
- Kuona kukipungua ghafla, au kitambaa chekundu kikionekana kimepauka kwa jicho moja, nenda siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya kliniki.
- Uvimbe usichanjwe, usichomwe moto, usikandwe.

Uvimbe unaweza kungoja tarehe yake. Kuona kunakopungua hakungoji.