Waya Nao Ni Mzigo

Mita moja ya waya wa shaba wa 2.5, yaani milimita mraba 2.5, ule ambao mafundi wengi huufunga kwenye soketi za nyumbani, ina ukinzani wa omu 0.0069. Namba hiyo ni ndogo kiasi kwamba mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuiacha. Kwenye daftari lake waya ni mstari tu, na mstari hauna omu hata moja. Betri iko huku, kikinzani kiko kule, volti zinagawanywa kwa omu, jibu linatoka kwa ampea. Mezani, ambako waya una urefu wa sentimita 20, jibu hilo ni sahihi.

Nje ya maabara, mstari huohuo mara nyingi ni sehemu ya saketi inayokula fedha nyingi, na anayetaka kuwa mhandisi anapaswa kujua bei yake mapema.

Tuchukue kibanda cha dobi anayeuza na chai. Umeme wake anauvuta kutoka kwenye luku, yaani mita ya umeme, ya nyumba iliyo mita 200 kutoka hapo. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo waya unaohesabiwa ni mita 400. Kwa waya wa 2.5 ukinzani wake ni omu 2.75. Birika la umeme la wati 2,000, lililotengenezwa kwa volti 230, lina omu 26.45: zidisha 230 kwa 230, gawanya kwa 2,000. Waya na birika vimefuatana kwenye njia moja, basi omu zake hujumlishwa na kuwa 29.2. Mkondo unakuwa ampea 7.88.

Birika likiwashwa peke yake, volti karibu 22 huishia njiani. Kibandani zinafika 208, na birika lililoandikwa wati 2,000 linatoa 1,640 tu. Maji yatachemka, ila yatachukua muda zaidi kwa asilimia 22. Wakati huo waya wenyewe unapata joto la wati 171 ambalo halipashi chai ya mtu yeyote.

Sasa dobi achomeke pasi ya wati 1,000 huku birika bado linachemka. Vifaa hivi viwili viko sambamba, na hapa wanafunzi wengi hukwama: kifaa kimeongezwa, lakini ukinzani umepungua. Omu 26.45 za birika na 52.9 za pasi, zikiwa sambamba, zinakuwa 17.63. Mkondo unapanda hadi ampea 11.28. Volti kibandani zinashuka hadi 199. Na waya? Upotevu umetoka wati 171 hadi 350.

Hapo ndipo pa kusimama na kutazama. Mzigo ulioandikwa kwenye vifaa umeongezeka mara moja na nusu, upotevu umeongezeka mara mbili. Sababu ni kwamba joto la waya halifuati mkondo, hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. James Prescott Joule alilionyesha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1840, zaidi kidogo ya miaka kumi baada ya Georg Ohm kuchapisha kanuni yake mwaka 1827. Ukiniuliza ni kanuni ipi kati ya hizo mbili inayotawala bajeti za umeme duniani, nitataja ya Joule bila kusita. Ya Ohm inakupa ampea. Ya Joule inakuandikia ankara.

Basi tuiandike. Tuseme dobi anatumia pasi na birika kwa pamoja saa 2 kila siku. Waya wa 2.5 unapoteza yuniti (yaani kilowati-saa) 0.7 kwa siku, sawa na yuniti 256 kwa mwaka. Kwa bei ya kukadiria ya shilingi 350 kwa yuniti, hizo ni karibu shilingi 89,000 za kupasha joto mita 400 za waya. Anayelipa ni mwenye luku, ambaye mara nyingi hata hajui kwa nini yuniti zinaisha haraka kuliko hesabu ya vifaa inavyoonyesha.

Jibu la haraka ni waya mnene zaidi. Unene, yaani milimita mraba za waya, ukiongezeka maradufu ukinzani unapungua kwa nusu, hilo halina ubishi. Lakini shaba nayo ina bei. Mita 400 za waya wa 2.5 zina shaba ya kilo 9, za waya wa 4 zina kilo 14, za waya wa 6 zina kilo 21.5. Tukadirie shilingi 25,000 kwa kilo, na tuseme fedha iliyolala kwenye shaba hiyo, kwa riba na uchakavu, inagharimu asilimia 15 kwa mwaka. Plastiki ya juu na ujira wa fundi naviweka kando, kwa kuwa havibadiliki sana kutoka waya hadi waya.

Ili mashindano yawe ya haki, tumpe dobi joto lilelile kila siku, waya uwe upi. Waya wa 2.5 unamgharimu shilingi 89,000 za umeme uliopotea na 34,000 za shaba, jumla 123,000 kwa mwaka. Waya wa 4 unapoteza umeme wa shilingi 56,000 na kudai 54,000 za shaba, jumla 110,000. Waya wa 6 unapoteza umeme wa 37,000 tu, lakini shaba yake ni 81,000, jumla 118,000.

Wa 4 ndio umeshinda, na tazama ulivyoshinda: ni pale ambapo gharama ya umeme uliopotea na gharama ya shaba zinakaribia kulingana. Hilo si bahati ya namba nilizochagua. Mwaka 1881 William Thomson, ambaye baadaye alipewa jina la Lord Kelvin, alionyesha kuwa unene wenye gharama ndogo kabisa ni ule ambao gharama ya mwaka ya upotevu inalingana na gharama ya mwaka ya metali. Mwanafunzi aliyeonja kalkulasi anaweza kulithibitisha kwa mistari mitatu: gharama moja inapanda sawia na unene, nyingine inashuka kinyume chake, na jumla ni ndogo kuliko zote pale zinapokutana. Bei zikibadilika, jibu linahama. Dobi akifanya kazi saa 8 badala ya 2, upotevu unazidi mara nne na unene unaofaa unakuwa maradufu.

Lakini fedha si hakimu pekee. Kwa waya wa 4 kibanda bado kinapata volti 210 tu wakati vifaa vyote viwili vinafanya kazi, upungufu wa karibu asilimia 9. Kanuni za ufungaji za Uingereza, BS 7671, hupendekeza upungufu usizidi asilimia 5 kwa matumizi ya kawaida na 3 kwa taa. Ili kubaki ndani ya asilimia 5, dobi anahitaji waya wa milimita mraba 7.4 au zaidi. Dukani atakuta wa 6, halafu wa 10. Ni wa 10, basi, wenye shaba ya kilo 36. Jibu la gharama na jibu la ubora wa umeme yamepishana zaidi ya mara mbili, na naona hili ndilo somo ambalo mazoezi ya darasani hayaligusi. Lakini dobi hatanunua waya wa 10. Atavumilia pasi isiyoshika moto, na friji ya jirani, kama naye anachota kwenye waya huo, itahangaika kuwaka kila pasi inapochomekwa.

Shirika la umeme linalitatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine: badala ya kununua shaba, linapunguza mkondo. Wati 2,594 zinazotoka kwenye luku ile, zikisafiri kwa kilovolti 33 kama zilivyo njia nyingi za usambazaji Tanzania na Kenya, zinahitaji ampea 0.08 badala ya 11.28. Mkondo umepungua mara 143. Kwa waya uleule, upotevu umepungua zaidi ya mara 20,000. Ndiyo maana transfoma husogezwa karibu na wateja, ingawa yenyewe ni ghali.

Ukubwa ukiongezeka hoja inakuwa kali zaidi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Njia yake ya kwenda Chalinze, karibu kilomita 160, ni ya kilovolti 400. Kwa fezi tatu, nguvu hiyo yote ikipita kwa kilovolti 400 inahitaji mkondo wa ampea 3,050 hivi. Ungeipitisha kwa kilovolti 33, ungehitaji ampea 37,000, na nyaya zilezile zingepoteza umeme mara 147 zaidi. Nguzo zile ndefu na vikombe virefu vya kuhami vinagharimu fedha nyingi, lakini bila hivyo umeme wa Rufiji usingefika mjini.

Huko juu shaba inaachwa. Aluminiamu ina ukinzani mkubwa zaidi, hivyo kwa omu zilezile inataka unene mara 1.64. Ila ni nyepesi mno: baada ya kuunenepesha, waya wa aluminiamu bado una nusu ya uzito wa ule wa shaba, na tani ya shaba katika miaka ya karibuni imeuzwa zaidi ya mara tatu ya tani ya aluminiamu. Kwa ukinzani uleule metali inakugharimu chini ya moja ya sita.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Kongo. Njia ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi mji wa Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi na inapeleka umeme kwenye migodi ya shaba ya Katanga kwa mkondo wa moja kwa moja, volti 500,000 juu ya sifuri na 500,000 chini yake. Iliundwa kubeba megawati 560. Gawanya megawati 560 kwa volti milioni moja: ampea 560. Stata ya lori kubwa huvuta ampea mamia kama hizo kwa sekunde chache, kwa volti 24, kupitia waya mnene wa mita chache tu, na bado waya huo hupata joto.