Namna mikrobi zinavyosemezana

Mikrobi haina kinywa wala masikio. Je, tunaweza kusema ya kuwa mikrobi zinasemezana? Ndiyo, tunaweza, na jambo hili linagusa wagonjwa tunaowatembelea kila juma. Tueleze habari ya mikrobi moja tu, pneumokoki. Ndiyo inayoleta mara nyingi ugonjwa wa mapafu, na mara nyingine meningiti, zaidi kwa watoto wadogo. Inapita kwa kikohozi na chafya. Kwa hiyo inaenea upesi pahali watu wanapolala kwa kubanana, kama wakimbizi wa Djugu waliofika Bunia mwaka 2018.

1. Ishara yake ni nini?

Pneumokoki inatoa nje kamba fupi sana, yenye asidi-amino 17. Kamba ya namna hii inaitwa peptidi. Mtu mmoja akitia kijiko kimoja cha chumvi katika pipa la maji, hakuna atakayeionja. Lakini watu elfu wakitia kila mmoja kijiko chake, kila mnywaji ataonja. Ndivyo ilivyo kwa peptidi hii. Mikrobi zikiwa chache, ishara inapotea. Zikiwa nyingi, peptidi inagusa kipokeo katika ngozi ya kila mikrobi, nazo zinageuka kwa pamoja. Kwa muda wa dakika 20 hivi zinakuwa tayari kuokota ADN, maana yake maandiko ya urithi, yaliyoachwa na mikrobi zilizokufa karibu nazo. Kama katika maandiko hayo mna namna ya kushinda dawa, zile zilizookota zinaweza kuirithi.

Ujuzi huu haukupatikana kwa siku moja. Mwaka 1928 Griffith, kule Uingereza, aliona kwamba pneumokoki dhaifu ikichanganywa na ile kali iliyouawa inaweza kuwa kali. Mwaka 1944 Avery na wenzake, mjini New York, walionyesha ya kuwa kinachohama ni ADN. Mwaka 1965 Tomasz alitambua ya kuwa mikrobi yenyewe inatoa kitu cha kuamsha wenzake. Mwaka 1995 Håvarstein na wenzake walitambua ile peptidi.

2. Kwa nini kuitengeneza kwa mikono ya watu?

Mwaka 1963 Merrifield, Mmarekani, alionyesha njia mpya: asidi-amino ya kwanza inafungwa juu ya chembe za plastiki, kisha zingine zinaungwa moja moja kwa utaratibu, kama shanga katika uzi. Mwishoni kamba inakatwa na kusafishwa. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Peptidi iliyotengenezwa hivi inafanya kazi kama ile ya mikrobi. Mtafiti hangoji tena mikrobi ziamke zenyewe: anatia kidogo sana, mara nyingi nanogramu 100 kwa mililita 1, naye anajua saa ya mwanzo. Tena anaweza kubadili asidi-amino moja na kutazama matokeo. Mwaka 2011 watafiti wa Illinois, Marekani, walieleza ya kuwa walibadili ile ya kwanza tu, wakapata peptidi inayoziba kipokeo bila kuamsha mikrobi. Panya waliopewa waliugua kidogo zaidi.

3. Je, ni dawa?

Hapana. Ni chombo cha laboratwari. Haiui pneumokoki, kinyume chake, inaiamsha. Yule atakayeleta unga wa namna hii na kuuita dawa ya kifua, anadanganya watu. Hata ile peptidi ya kuziba ingali jambo la utafiti.

4. Inatupasa nini sisi wa Bunia?

Mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa walionyesha ya kuwa antibiotiki fulani, kama streptomisini, zinaweza zenyewe kuamsha pneumokoki ianze kuokota ADN. Basi tufahamu vema: antibiotiki ni msaada mkubwa, lakini si kitu cha kuchezea. Mtu anayenunua sokoni vidonge viwili vitatu kwa kila kikohozi, bila kupimwa, anaua mikrobi dhaifu na kuachia nafasi zile zilizozoea dawa. Kesho mtoto wa jirani ataambukizwa hizo, na munganga atakosa dawa ya kumponya.

Kwa hiyo katekista akiingia katika nyumba ya mgonjwa, auliize maneno matatu. Je, munganga alimpima? Je, dawa inatumiwa kwa kipimo na siku alizoagiza? Je, watoto wamechanjwa? Mwaka 2011 Kongo ilianza kutoa chanjo inayokinga aina 13 za pneumokoki. Na mtoto anayehema mbio mbio, au ambaye mbavu zake zinaingia ndani akivuta pumzi, apelekwe hospitali siku ile ile, bila kungoja kesho.