Uzi: Michoro ya mtaa ama maji na choo?

1. Mtaa ukianza kujengwa upya, huu mjadala lazima urudi: pesa ya umma iende kwa sanaa ya kukumbuka historia, ama kwa huduma? Tuangalie Kibera.

2. Historia kubwa pale ni reli, ile iliyofika Nairobi 1899. Mapema 2008, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, vijana waliing'oa.

3. 2009, msanii Mfaransa JR akabandika macho ya wanawake wa Kibera kwenye mabehewa, na nusu ya chini ya nyuso kwenye mabati kando ya reli. Treni ilipopita, kwa sekunde chache uso ulikamilika.

4. Picha zingine zilifunika paa, jumla kama mita 2,000 za mraba. Zilikuwa za vinili isiyopitisha maji, kwa hivyo zilikinga nyumba mvua.

5. Kumbe sanaa na huduma si lazima zipigane. Mtu akikuahidi mchoro, hata huko Kawangware 56, muulize: ni sura ya nani? Na mwenyewe atabaki hapo, ama atahamishwa ndio ukuta upendeze?